Picha kubwa si lazima iwe picha wazi: majibu ya barua zenu kuhusu hadubini

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo linalokaribiana: wataalamu wanawaonaje bakteria, virusi na vimelea, hasa vikiwa ndani ya tishu iliyoambukizwa? Hiyo ndiyo kazi yangu, nimezeeka nayo, na bado naipenda. Nimezifupisha barua ila maswali nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

SWALI: Nimenunua hadubini ndogo ya kuunganisha na kompyuta. Kwenye boksi imeandikwa kwamba inakuza mara 2000. Nikiweka tone la maji ya dimbwi na kupandisha ukuzaji hadi mwisho, naona ukungu mtupu. Je, ni mbovu, au mimi ndiye sijui kuitumia? (Msomaji anayejifunza mwenyewe)

JIBU: Ndugu yangu, huenda hadubini yako ni nzima na wewe huna kosa. Ukuzaji ndiyo namba rahisi kuliko zote kuiandika kwenye boksi, kwa kuwa picha yoyote inaweza kukuzwa kiasi chochote mtu anachotaka. Kinachotakiwa kuulizwa ni hiki: vitu viwili vikikaribiana kiasi gani, lenzi inashindwa kuvitenganisha na kuvionyesha kama kimoja? Gari likiwa mbali usiku, taa zake mbili za mbele huonekana kama taa moja. Ukiipiga picha taa hiyo moja na kuikuza mara mia, hazitatokea mbili. Utapata doa kubwa.

Ernst Abbe, mwanafizikia wa Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1873. Nuru husafiri kwa mawimbi, na mawimbi hayawezi kukusanywa katika nukta iliyo ndogo kupita kiasi fulani. Umbali mdogo kabisa ambao lenzi inaweza kuutenganisha ni urefu wa wimbi la nuru ukigawanywa kwa mara mbili ya namba ya upenyo wa lenzi (kipimo cha upana wa koni ya nuru ambayo lenzi inaweza kuipokea). Nuru ya kijani ina wimbi la nanomita 550 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na lenzi nzuri ya mafuta (inayotumika ikiwa imegusa tone la mafuta) ina namba ya upenyo ya 1.4. Piga hesabu: unapata nanomita 196. Ndiyo maana sisi wa kazi hii husema mpaka wa nuru ni nanomita 200.

Kwa hiyo ukitaka kununua hadubini, tazama ubavuni mwa lenzi yenyewe. Huandikwa namba mbili, kwa mfano 100/1.25. Watu husoma ya kwanza. Mimi husoma ya pili, ambayo ndiyo namba ya upenyo. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi sana mara 1000 ya hiyo namba ya pili, na kinachozidi hapo ni doa lilelile likiwa limenenepa. Nikifundisha wanaoanza, huwaficha kwanza lenzi ya mara 100 mpaka wajue kupanga taa na kondensa (lenzi inayokusanya nuru chini ya sampuli) kwa lenzi ndogo, maana taa iliyopangwa ovyo huharibu hata lenzi bora.

Wewe rudi kwenye ukuzaji wa mara 100 hadi 400. Dimbwi lina wakazi wakubwa: paramesia mmoja anaweza kufika mikromita 200 au 300 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na utamwona akizunguka kwa vinyweleo vyake vidogo. Bakteria kama E. coli, mwenye urefu wa mikromita 2 hivi, utamwona kama kijiti kisicho na undani wowote. Kirusi cha polio, chenye upana wa nanomita 30, usikitafute kabisa kwa hadubini ya aina hiyo.

SWALI: Kitabu chetu kinasema nuru haiwezi kuonyesha kitu chini ya nanomita 200. Halafu nimesoma kwamba mwaka 2014 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa watu waliovuka mpaka huo. Kipi ni kweli? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Vyote viwili, mwanangu. Hesabu ya Abbe haijatenguliwa. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walitafuta njia ya kupita kando yake, na njia zote zina wazo moja ndani yake: majirani wasiruhusiwe kung'aa kwa wakati mmoja.

Hell alichapisha wazo lake mwaka 1994. Leza ya kwanza huwasha rangi iliyotiwa kwenye seli. Leza ya pili, yenye umbo la pete, huzima rangi yote ya pembeni, ikabaki nukta ndogo ya katikati peke yake. Nukta hiyo hupitishwa juu ya sampuli mstari kwa mstari. Betzig alifika kwa njia nyingine mwaka 2006, na mwaka huohuo kundi la Xiaowei Zhuang nchini Marekani likatangaza mbinu inayofanana na yake. Wao huacha molekuli chache ziwake, zilizotawanyika kiasi kwamba kila moja inasimama peke yake. Kila moja ni doa la nanomita 200 na zaidi, lakini kitovu cha doa la pekee kinaweza kukokotolewa kwa usahihi mkubwa. Zikizimika, huwashwa nyingine, na kadhalika kwa maelfu ya picha, kisha vitovu vyote hupangwa pamoja. Hapo mtu hufikia nanomita 20 au 30.

Mfano ninaoupenda ni wa virusi vya UKIMWI. Kirusi kimoja kina upana wa nanomita 100 na kitu, kwa hiyo hadubini ya kawaida ya kung'arisha rangi hukionyesha kama nukta moja isiyo na undani. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walitumia mbinu ya Hell wakaona jinsi protini za ganda lake zilivyokaa. Kwenye virusi ambavyo havijakomaa zilikuwa zimesambaa. Kwenye vilivyokomaa zilikuwa zimejikusanya mahali pamoja. Kirusi kinahitaji protini hizo ili kuingia kwenye seli, kwa hiyo mpangilio wake si pambo.

Lakini kumbuka jambo ambalo wengi hulisahau: unachokiona ni rangi, si protini. Rangi imebebwa na kingamwili (protini inayonasa kitu kimoja maalumu), na kingamwili moja ina ukubwa wa nanomita 10 hivi. Ukipandanisha mbili, kama ilivyo desturi maabara, rangi inaweza kukaa nanomita 20 mbali na kitu chenyewe. Anayejigamba kwamba amepima kwa usahihi wa nanomita 10 kwa njia hiyo, muulize rangi yake imeshikizwa na nini.

SWALI: Kazi yangu ni kusoma slaidi za makohozi kwa hadubini ya kawaida. Nikisoma kuhusu hizo hadubini za leza na elektroni najiona nimeachwa nyuma. Je, kazi yetu bado ina maana? (Mfanyakazi wa maabara)

JIBU: Ina maana kubwa, na ningependa wote wanaofanya kazi yako wasikie hivyo. Robert Koch alipotangaza chanzo cha kifua kikuu mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, alikuwa na lenzi za nuru na rangi. Bakteria yule ana urefu wa mikromita 2 hadi 4, kwa hiyo mpaka wa Abbe haumfichi. Kinachomficha ni uchache wake na ukuta wake wa nta unaokataa rangi za kawaida. Mbinu ya Ziehl na Neelsen huilazimisha rangi nyekundu iingie kwa joto, na ikishaingia asidi haiwezi kuitoa. Katika slaidi ya bluu, kijiti chekundu kinaonekana chenyewe.

Udhaifu wa mbinu hiyo ni idadi. Kila mililita ya makohozi inapaswa kuwa na bakteria kati ya 5000 na 10,000 ndipo msomaji awe na matumaini ya kumwona mmoja. Hadubini yenye uwezo mkubwa zaidi wa kutenganisha haiponyi tatizo hilo hata kidogo. Ingelizidisha, maana kadiri unavyokaribia ndivyo eneo unalolitazama linavyopungua. Kilichosaidia ni kinyume chake: rangi ya auramini na taa ya LED, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011. Bakteria hung'aa kwenye giza, unawaona kwa lenzi ndogo, na kwa muda uleule unapitia sehemu kubwa zaidi ya slaidi.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1979 mpatholojia Robin Warren, huko Perth, Australia, aliona bakteria waliojipinda kwenye vipande vya tumbo la mgonjwa. Wakati huo wengi waliamini kwamba asidi ya tumbo haiachi kitu hai. Aliwatia rangi ya fedha ili waonekane vizuri, akaendelea kuwatafuta kwa wagonjwa wengine, na pamoja na Barry Marshall akaonyesha uhusiano wao na vidonda vya tumbo. Walipata Nobel mwaka 2005. Ugunduzi huo ulianzia kwenye slaidi ya kawaida ya patholojia, kwa mtu aliyekataa kuipita haraka.

SWALI: Najifunza patholojia. Katika picha ya hadubini ya elektroni ya tishu iliyoambukizwa niliona utando uliojikunja ndani ya bakteria, umeungana na utando wa nje. Mwalimu wangu akasema nisiuamini. Kwa nini nisiamini kitu ninachokiona? (Daktari mwanafunzi)

JIBU: Swali lako ndilo lililonifanya niombe nafasi kubwa kuliko kawaida, na mwalimu wako amekufundisha vyema.

Tangu hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya nuru, ilipoanza kutumika kwa bakteria, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu waliona mikunjo hiyo mara kwa mara. Ikapewa jina, mesosomu. Ikaingia kwenye vitabu vya kufundishia. Ikapewa na kazi: wengine walisema inasaidia seli kugawanyika, wengine kwamba ndipo bakteria anapopumulia. Picha zilikuwa wazi na zilirudiwa na maabara nyingi. Tatizo ni kwamba maabara zote zilitayarisha sampuli kwa njia zinazofanana: dawa ya kuhifadhi kama glutaraldehidi au osmiamu, kukausha maji kwa alkoholi, kumiminia rezini, kisha kukata kwa kisu cha almasi vipande vya nanomita 50 hadi 70.

Watu walipoanza kuwagandisha bakteria ghafla badala ya kuwatia dawa, mikunjo ilipungua au ikatoweka. Mwaka 1983 Jacques Dubochet na wenzake walitazama bakteria waliogandishwa wakiwa bado na maji yao, bila dawa wala rangi yoyote. Mesosomu hazikuwapo. Ilikuwa dawa yenyewe iliyokunja utando wakati seli inakufa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakichunguza kwa makini makubwa jeraha walilolifanya wao wenyewe.

Ugandishaji wenyewe ni kazi ya kustahi. Maji yakiganda polepole hufanya fuwele zinazopasua seli. Dubochet alitumbukiza sampuli nyembamba katika ethani iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, na maji yakagandishwa kwa kasi kubwa mno hata molekuli zake hazikupata muda wa kujipanga. Hubaki kama kioo. Yeye, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Nobel ya kemia mwaka 2017, na kwa mbinu hiyo umbo la kirusi cha Zika lilijulikana mwaka 2016, na la protini ya miiba ya kirusi cha korona mwanzoni mwa 2020.

Lakini wewe una tishu, si virusi vilivyosafishwa, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kutumbukiza kunafaa kwa unene wa mikromita chache tu. Kwa tishu hutumika mashine inayogandisha chini ya shinikizo la takriban mara 2000 ya hewa ya kawaida, na hata hiyo hufika mikromita 200 hivi. Kisha kipande lazima kichongwe kwa miale ya ioni mpaka kibaki nanomita 100 au 200, ili elektroni zipite. Fikiria sasa: umechonga na kutupa karibu tishu yote, umebaki na kipande chembamba kupita kiasi. Je, bakteria amebaki ndani yake? Kwa hiyo kabla ya kuchonga, tafuta kwanza kwa nuru, kwa rangi inayong'aa, uweke alama mahali kimelea kilipo, ndipo uende kwenye elektroni. Picha mbili za mahali pamoja, moja ikikwambia ni nani na nyingine ikikwambia ana umbo gani, zina thamani kuliko picha kumi za kupendeza za mahali pasipojulikana.

Usidhani makosa haya ni ya zamani tu. Mwaka 2020 zilichapishwa ripoti kadhaa zilizosema virusi vya korona vimeonekana ndani ya seli za figo na za viungo vingine. Wataalamu wa hadubini ya elektroni walipozikagua, walionyesha kwamba vingi vya vitu hivyo vilikuwa vifuko vya kawaida vya seli yenyewe, vyenye ganda la protini linalofanana na miiba. Namna ya kutofautisha inafundishika. Kirusi cha korona huchipukia ndani ya vyumba vya utando wa seli, kwa hiyo ndani ya seli utakikuta kikiwa chumbani, miiba ikielekea ndani ya chumba hicho, na tumboni mwake kuna vidoa vyeusi vya jenomu iliyofungwa na protini. Kifuko cha kawaida huelea moja kwa moja katika saitoplazimu, ganda lake likiigusa, na tumbo lake halina vidoa hivyo.

Kwako wewe, ushauri wa kazi. Kata kipande kisichozidi milimita moja kila upande na ukitie kwenye dawa papo hapo. Usikiache mezani ukitafuta kalamu ya kuandika lebo. Kata pia tishu isiyoambukizwa ya kiungo hichohicho, uitayarishe siku hiyohiyo kwa dawa zilezile. Kila unachokiona kwenye iliyoambukizwa, kitafute kwanza kwenye nzima. Na kitu kipya usikiandike kama ugunduzi kabla hujakiona kwa njia mbili za utayarishaji zisizofanana.

SWALI: Mwanangu anauliza kama virusi kweli vina rangi nyekundu na kijani kama kwenye picha. (Mzazi)

JIBU: Mwambie hapana. Hadubini ya elektroni, ambayo Max Knoll na Ernst Ruska waliianzisha mjini Berlin mwaka 1931, haitumii nuru, na pasipo nuru hakuna rangi. Picha zake hutoka za kijivu; rangi huongezwa baadaye kwa kompyuta ili sehemu zitofautishwe. Mpe pongezi zangu kwa kuuliza.

SWALI: Nimesikia kuna mbinu ya kuivimbisha seli yenyewe badala ya kununua hadubini ya gharama kubwa. Inawezekanaje, na inafaa kwa bakteria? (Mtafiti anayeanza)

JIBU: Ni kweli, na ni mbinu ninayoitakia mema, maana inamfungulia mlango mtu mwenye hadubini ya kawaida. Kundi la Edward Boyden huko Marekani liliitangaza mwaka 2015. Seli hujazwa jeli ya jamii ileile inayonyonya maji kwenye nepi za watoto. Rangi hushikizwa kwenye jeli, protini hukatwakatwa kwa kimeng'enya ili zisizuie, kisha huongezwa maji. Jeli hutanuka pande zote mara 4 na nusu hivi, na vitu vilivyokuwa umbali wa nanomita 70 vinakuwa mbali kiasi cha kutenganishwa na lenzi ya kawaida. Baadaye zikaja namna ambazo hulainisha protini kwa joto bila kuzikata. Kwa vimelea vya malaria zimefaa sana: kimelea kinachojigawa ndani ya chembe nyekundu ya damu, yenyewe ikiwa na upana wa mikromita 7 au 8 tu, huonyesha nyuzi zake za kugawia kiini kwa undani ambao zamani uliwahitaji watu wa elektroni.

Bakteria ni habari nyingine. Ukuta wake haukubali kutanuka. Usipouvunja kwanza kwa kimeng'enya kinachoufaa, seli ya mwenyeji itavimba na bakteria atabaki mdogo au kupasuka. Jamii ya bakteria wa kifua kikuu ni wakaidi kuliko wote. Kwa hiyo katika tishu iliyoambukizwa usiandike kipimo chochote kwa kugawanya kwa 4.5 kama kwamba kila kitu kimetanuka sawasawa. Pima upana wa kitu unachokijua kabla na baada, kwa upande wa seli na kwa upande wa bakteria, kila mmoja peke yake.

SWALI: Je, inawezekana kutazama bakteria akivamia seli akiwa hai, kwa uwazi huohuo wa picha zilizokufa? (Mwalimu wa biolojia)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kutazama inawezekana, uwazi huohuo, kwa sasa, si rahisi. Mfano mzuri ni Listeria. Akishaingia kwenye seli hukusanya aktini (protini ya nyuzi) ya seli hiyo nyuma yake, ukatokea mkia, na mkia humsukuma mpaka anaupiga utando na kutokeza ndani ya seli ya jirani. Hajatoka nje hata kidogo, kwa hiyo kingamwili za damu hazimpati. Lewis Tilney na Daniel Portnoy walionyesha hatua hizo mwaka 1989 kwa hadubini ya elektroni, kwa kupanga picha za seli zilizosimamishwa nyakati tofauti. Anayetaka kumwona akisafiri hutumia nuru.

Tabu ni kwamba Listeria husafiri urefu wa mwili wake kwa sekunde kadhaa tu. Mbinu inayokusanya maelfu ya picha ili kujenga moja itamchora kama mstari uliofifia. Na leza kali huunda kemikali zinazochoma seli. Mimi kwa kazi hii huchagua nuru yenye mistari, mbinu ya Mats Gustafsson ya mwaka 2000, inayofika nanomita 100 hivi kwa picha chache na leza ya wastani. Na kila mara naandaa sahani ya pili, iliyoambukizwa dakika ileile, inayokaa kwenye joto lilelile lakini gizani. Mwisho wa kurekodi nazihesabu zote mbili. Ikiwa kwenye sahani ya giza bakteria wamefika seli za jirani na kwenye sahani iliyorekodiwa wamebaki walipoanzia, basi video hiyo imerekodi madhara ya leza. Punguza nguvu yake, ongeza muda kati ya picha na picha, uanze upya na seli mpya.